Nunua Kipimaunyevu Kabla ya Kununua Rangi

Mvua za Machi zikianza, mafundi rangi wa Kampala hupata kazi za aina moja. Ukuta wa chumba cha kulala umeota kuvu nyeusi nyuma ya kabati, na mwenye nyumba anataka ukwanguliwe na kupakwa upya. Unapakwa, unapendeza, watu wanasahau. Mvua za Oktoba zikifika, doa linarudi palepale, na mara nyingi limekua, kwa sababu rangi ya mafuta imeufungia ukuta maji ndani. Ushauri wangu ni kwamba pesa ya kwanza isiende kwa rangi. Iende kwa kipimaunyevu, kile kidude kidogo cha mezani kinachoonyesha joto na asilimia ya unyevu hewani, kisha ujipe wiki mbili za kuandika namba zake. Ukishazisoma vizuri utajua maji yanatoka wapi. Maji yanayopanda kutoka ardhini yana tiba yake, na maji yanayotoka kwenye pumzi za waliolala yana yake, na ukizichanganya utalipa mara mbili.

Kampala ina sababu za kutosha za kuwa na kuta mbichi. Mji uko karibu na ikweta, mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, ziwa Nalubaale (Viktoria) likiwa jirani, na misimu ya mvua ni miwili: Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi kuelekea Desemba. Kati ya vilima vyake kuna mabonde yaliyokuwa vinamasi, na mengi bado ni vinamasi vilivyofunikwa kifusi: Bwaise, Kalerwe, Namuwongo, kingo za Lubigi na Kinawataka. Anayejenga huko amejenga juu ya maji. Anayejenga Makindye au Muyenga naye hayuko salama, maana mara nyingi amechimba ubavu wa kilima ili apate kiwanja, na ukuta wake wa nyuma umeegemea udongo unaovuja kila mvua inaponyesha.

Wapiga ngoma wanalijua jambo hili bila chombo chochote. Asubuhi ya mvua ngozi hulegea na sauti ikafa, kwa hiyo ngoma huanikwa juani au huoteshwa moto kwanza. Vipimaunyevu vya zamani vilitumia tabia hiyohiyo. Horace-Bénédict de Saussure wa Geneva alieleza mwaka 1783 jinsi ya kupima unyevu kwa unywele wa binadamu, ambao hurefuka ukipata unyevu na kufupika ukikauka. Vile vyenye mshale na uso kama wa saa, vinavyouzwa mpaka leo, vingi hufanya kazi kwa uzi au utepe unaojinyoosha namna hiyo. Ni vizuri kwa kupamba ukuta lakini huteleza haraka, kwa hiyo mimi ningechukua cha dijitali.

Dukani uliza haigromita, maana ndilo jina ambalo muuzaji wa vifaa vya umeme atalitambua. Cha bei nafuu kinachotumia betri za kitufe kinatosha kabisa. Na ukiweza, nunua vitatu vya bei ndogo badala ya kimoja cha bei kubwa, kwa sababu siri ya nyumba yako imo katika tofauti kati ya kona na kona. Vilaze pamoja mezani siku nzima kabla ya kuvitawanya. Utashangaa: kimoja kitasema 62, cha pili 66, cha tatu 59, na vyote viko kwenye hewa ileile. Hakuna cha ajabu hapo. Vipimo vya bei nafuu huweza kukosea kwa asilimia 5 hivi juu au chini, na ndiyo maana kila kimoja lazima kijaribiwe kabla ya kuaminiwa.

Jaribio lenyewe ni la jikoni. Chukua kizibo cha chupa, ukijaze chumvi safi ya mezani, kisha udondoshee maji tone kwa tone mpaka chumvi iwe kama mchanga uliolowa. Ikiyeyuka yote umezidisha maji, ongeza chumvi. Weka kizibo hicho ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, na kipimaunyevu kando yake bila kugusana, funika, uache usiku kucha mahali ambapo joto halibadilikibadiliki: si dirishani, si juu ya friji. Hewa iliyofungiwa na chumvi iliyolowa hivyo hutulia kwenye asilimia 75, na katika joto la kawaida la nyumba zetu haisogei hapo. Asubuhi soma kupitia kwenye kopo kabla hujafungua. Kikisema 71, kidude chako kinapunguza 4. Andika “+4” kwenye kipande cha utepe ukibandike mgongoni. Kikisema 80, andika “−5”. Kikiwa nje kwa zaidi ya 10, kirudishe dukani. Usitumie chumvi ya Katwe kwa kazi hii. Chumvi ile inayovunwa kwenye ziwa la Katwe kule Kasese imechanganyika na madini mengine, haitakupa 75.

Rudia jaribio mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba, mvua zinapokaribia. Na usikiweke kidude karibu na kikaango, wala kwenye chumba kilichopakwa rangi jana. Moshi wa mafuta na mvuke wa rangi huharibu kihisio chake, nacho kitaendelea kuonyesha namba kana kwamba hakikupatwa na kitu.

Sasa tuje kwenye namba yenyewe, kwa sababu hapa ndipo wengi hupotea. Asilimia ile haisemi hewa ina maji kiasi gani. Inasema hewa imejaa kiasi gani kulingana na uwezo wake wa kubeba maji kwa joto la wakati huo, na hewa ya moto hubeba zaidi ya hewa ya baridi. Chukua asubuhi ya Aprili, saa kumi na mbili, nyuzi 20, kipimo cha kibarazani kinasoma 95. Saa nane mchana jua limewaka, nyuzi 28, kipimo kinasoma 59. Mtu atasema unyevu umekwisha. Haukwisha hata tone. Ni maji yaleyale katika hewa ileile iliyopashwa moto. Kwa hiyo usiogope 95 ya alfajiri, na usijipongeze kwa 59 ya mchana.

Kinachosema kweli ni kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa ikipozwa mpaka hapo huanza kudondosha maji. Huhitaji kompyuta kukipata. Toa asilimia uliyosoma kwenye 100, gawanya jibu kwa 5, kisha toa hilo kwenye nyuzi joto. Kanuni hii ni ya kukadiria, lakini unyevu ukiwa juu ya asilimia 50, na kwetu karibu kila mara uko juu, inakaribia sana ukweli. Ndani una nyuzi 25 na asilimia 80: 20 gawa kwa 5 ni 4, kwa hiyo umande uko kwenye 21. Nje kuna nyuzi 27 na asilimia 60: umande uko kwenye 19. Nje ni pakavu zaidi, fungua madirisha.

Huo ni mfano rahisi. Huu wa pili ndio unaonifanya nisisitize kanuni hii kwa kila mtu. Ni alfajiri, chumba kimelalwa, ndani kipimo kinasoma nyuzi 23 na asilimia 85, nje kinasoma nyuzi 20 na asilimia 95. Mtu akitazama 95 ya nje atafunga kila kitu. Piga hesabu: ndani umande uko kwenye 20, nje uko kwenye 19. Hewa ya nje, pamoja na 95 yake, ina maji machache kuliko ya ndani. Kufungua ndiko kutakakokausha chumba, na kufunga ni kuhifadhi pumzi za usiku kucha ukutani. Katika mji wetu hali hii hutokea asubuhi nyingi sana, na ndiyo sababu nyumba zinazofungwa kwa kuogopa “baridi ya asubuhi” ndizo zinazonuka uvundo. Ukitaka kulinganisha na chombo cha uhakika, taarifa za hali ya hewa za uwanja wa ndege wa Entebbe hutoa joto na kiwango cha umande mchana na usiku, na hupatikana bure kwenye simu. Entebbe iko ufukweni, kwa hiyo zitumie kama kipimo cha mwenendo wa siku tu.

Kipimo cha kwanza kiweke katikati ya chumba cha kulala, usawa wa kifua, mbali na dirisha, televisheni na jua. Cha pili kiingize nyuma ya kabati lililoegemea ukuta wa nje, karibu na sakafu. Cha tatu kikae kibarazani kwenye kivuli pasipofikiwa na mvua. Chukua daftari la shule, andika joto na asilimia za vyote vitatu saa moja asubuhi, saa nane mchana na saa tatu usiku, na pembeni yake andika kilichotokea: mvua, kupika, nguo kuanikwa ndani, wageni kulala. Wiki mbili zinatosha.

Nyuma ya kabati ndipo utakapopata mshtuko. Tuseme katikati ya chumba kuna nyuzi 24 na asilimia 65, namba ambayo hakuna daktari atakayeigombea. Ukuta wa nje nyuma ya kabati, usiopata hewa wala joto la chumba, uko kwenye nyuzi 20. Hewa ileile ikiugusa ukuta ule inakuwa na asilimia 83. Kuvu huanza kustawi pale ambapo uso wa ukuta unakaa kwenye 80 na zaidi kwa siku kadhaa. Ndiyo maana chumba kinaonekana kizima, watu wanakaa vizuri sebuleni, na koti la harusi linaota manyoya ya kijani kabatini. Vuta kabati sentimita 10 kutoka ukutani, liinue juu ya matofali mawili, na kama mgongo wake ni mbao nyembamba toboa matundu machache juu na chini. Hiyo ni kazi ya nusu saa, haina gharama, na kwa nyumba nyingi ndiyo nusu ya tiba.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu unyevu na kuvu majumbani mwaka 2009, na linahusisha nyumba mbichi na pumu, kikohozi na mafua yasiyoisha. Wenye mtoto wa pumu walichukulie jambo hili kwa uzito wote. Vitabu vya nchi za baridi hutaja asilimia 30 mpaka 50 kama lengo. Kwa Kampala hilo haliwezekani bila mashine, wala halihitajiki. Lengo ninalolipendekeza ni 55 mpaka 65 mchana, na chumba kisikae juu ya 70 mchana na usiku bila kushuka.

Maji yanatoka wapi?

Anza na watu. Mtu mmoja aliyelala hutoa kama gramu 40 za maji kwa saa kwa pumzi na jasho. Chukua chumba cha kupanga, muzigo wa mita 3 kwa 3, watu wanne, mlango umefungwa kwa kuogopa wezi na dirisha kwa kuogopa mbu. Hewa yote ya chumba hicho, kwenye nyuzi 20, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 410 hivi za maji. Ikianza usiku ikiwa na asilimia 70, na kama chumba kingezibwa kabisa, ingejaa ndani ya saa moja. Yanayobaki hutafuta mahali pa baridi. Chumba kikiwa na mabati bila dari, mahali hapo ni bati. Usiku wa anga safi bati hupoa haraka kuliko hewa, pumzi zinagandama chini yake, na saa kumi na moja alfajiri matone yanaanza kudondoka kitandani. Watu wengi hulipa fundi kuziba paa ambalo halivuji. Lipime kwa daftari lako: matone yakija usiku wa nyota, ni pumzi, yakija usiku wa mvua, ni tundu.

Jiko linafuata. Matoke yaliyofungwa kwa majani ya migomba hupikwa kwa mvuke kwa saa nyingi, na maharage vilevile, na mvuke wote huo ukikosa njia ya kutokea unaishia kwenye kuta. Wanaohama kutoka kwenye makaa kwenda kwenye gesi, jambo jema kwa mapafu na kwa misitu, wajue kwamba gesi yenyewe ikiungua huzaa maji: kilo moja ya gesi hutoa kama lita 1.6 za maji kwa njia ya mvuke. Mtungi wa kilo 6 unaoisha mwezi huu umemwaga karibu lita 10 hewani. Fungua dirisha la jiko unapowasha, na funga mlango wa kuelekea vyumbani. Usifanye kinyume.

Kisha kuna ardhi, na hii ina dalili zake. Ubichi unaanzia sakafuni na kupanda, mara nyingi hadi usawa wa kiuno, plasta inabanduka, na unga mweupe wa chumvi za ukuta unajitokeza. Ukiwa na shaka, bandika kipande cha plastiki angavu (kavera), sentimita 40 kila upande, ukizibe kingo zote kwa utepe, ukiache siku mbili. Matone yakiwa chini ya kavera, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakiwa juu yake, upande wa chumba, ni hewa ya ndani. Jaribio hili limewaokoa watu wengi na gharama za bure.

Tiba za maji ya ardhini ziko nje ya nyumba. Shusha udongo uliorundikana nje mpaka uwe chini ya usawa wa sakafu, chimba mtaro wa kokoto kuzunguka msingi, weka mifereji kwenye paa ili mvua isirukie ukuta. Unayejenga sasa, simama na fundi siku ya kulaza karatasi ya lami juu ya msingi, uione kwa macho yako ikipita chini ya kuta zote, kwa sababu baada ya hapo ni vigumu mno kuiingiza. Ndani, ukuta wa namna hiyo upake chokaa, usiupake rangi ya mafuta.

Tiba za hewa ya ndani ni matundu. Nyumba nyingi za Kampala zina matofali ya matundu juu ya madirisha, na katika nyumba nyingi hizo matundu hayo yamezibwa kwa magazeti, matambara au simenti. Yazibue, uyawekee wavu wa mbu. Fungua madirisha ya pande mbili zinazoelekeana, kwa dakika 20 baada ya kuamka na tena kuanzia saa tano mpaka jua linapopungua. Ukitaka kuona jinsi wajenzi wa zamani walivyolifikiria jambo hili, nenda Makumbusho ya Uganda, Kitante. Mkusanyo wake ulianza mwaka 1908, na jengo la sasa, lililofunguliwa mwaka 1954, lilichorwa na Ernst May, Mjerumani aliyeishi Afrika Mashariki tangu 1934 na kupanga pia mitaa ya Kololo na Naguru. Vyumba vyake ni virefu kwenda juu, na mwanga na hewa huingilia sehemu za juu za kuta.

Feni husaidia kuukausha ukuta lakini haitoi maji chumbani. Mashine ya kunyonya unyevu huyatoa kweli, ila inafaa chumba kinachofungwa tu, kama studio au stoo ya kamera. Yenye wati 300 ikifanya kazi saa 10 imekula yuniti 3 za umeme wa Yaka, na madirisha yakiwa wazi unajaribu kuikausha Uganda nzima. Na tafadhali usiingize sigiri yenye makaa chumbani ili kukausha kuta. Hewa ya sumu inayotoka kwenye makaa haina harufu, na huua familia zikiwa usingizini.

Kuvu iliyokwisha kuota ioshe kwa sabuni na maji, umefunga pua na mdomo, kisha ukaushe kabisa. Ukitumia jiki, usiichanganye na siki wala dawa ya choo.

Kuna vitu ambavyo hata chumba kizuri hakivitoshelezi. Wachapaji wa Nasser Road huacha karatasi ndani ya vifungashio vyake mpaka dakika ya kuchapa, kwa sababu rimu iliyofunguliwa siku ya mvua hunywa unyevu pembeni na kingo zake huwa za mawimbi. Picha na negativu ni dhaifu zaidi. Mwaka 2019 Makumbusho ya Uganda yalionyesha picha za wapiga picha wa serikali wa enzi za Idi Amin, zilizotokana na negativu zilizokaa miaka mingi katika kabati za shirika la utangazaji, UBC. Bila filamu zile kudumu tusingekuwa na chochote cha kutazama. Hati yako ya kiwanja, vyeti vya shule, picha za marehemu wazazi na kamera zinastahili kopo kubwa la plastiki lenye mpira kwenye mfuniko, mifuko ya silika, na kimoja kati ya vipimaunyevu vyako vitatu ndani. Lenga 40 mpaka 50. Ikipanda kupita 55, toa silika, uipashe kwenye oveni kwenye nyuzi 120 kwa saa mbili, ipoe kwenye chupa iliyofungwa, irudishe. Ukinunua ya rangi, chukua ya machungwa uache ya buluu, ambayo ina kemikali ya kobalti yenye sumu.

Na kwa wanaohifadhi mahindi, au wanaonunua gunia Kisenyi kwa ajili ya posho, kopo hilohilo linafanya kazi nyingine. Jaza mahindi robo tatu, laza kipimo juu yake, funga, ngoja saa chache kivulini mpaka namba isimame. Ikiwa chini ya 65, mahindi yamekauka na yatakaa. Ikiwa 70 au zaidi, yarudishe juani kabla ya kuyafunga guniani, kwa sababu kuvu inayozaa sumukuvu haitasubiri yafike kinuni.